Mifuko 46 na karatasi ya "nakubali kukatwa": uchambuzi wa kisa cha mtunza stoo aliyeachishwa kazi

Usuli

Kisa hiki ni cha Tanzania Bara. Jina la mfanyakazi, la kampuni, mji na aina ya bidhaa vimeondolewa, na tarehe zimegeuzwa kuwa Siku ya 1, Siku ya 2 na kuendelea. Siku ya 1 ni Jumatatu. Namba za vifungu ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, Marejeo ya 2019, yaliyokuwa yakitumika wakati huo. Baadhi ya vifungu, kikiwemo cha fidia, vimeguswa na marekebisho ya baadaye, kwa hiyo anayetaka kuzitumia hesabu za hapa kwenye shauri lake aanze na toleo la sasa.

Mfanyakazi alikuwa mtunza stoo wa tawi la kampuni ya jumla. Alikuwa kazini miaka 4 na miezi 7. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 520,000 kwa mwezi, bila posho yoyote, kwa wiki ya siku 6. Aliajiriwa makao makuu, na baada ya mwaka mmoja na kidogo akahamishiwa tawi la mkoa mwingine kwa maneno ya mdomo.

Mkataba wake ulikuwa barua ya ukurasa mmoja: cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, na sentensi ile inayojulikana, "na kazi nyingine utakazopangiwa." Haikusema mahali alipoajiriwa wala saa za kazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri kuandika mambo hayo yote, na shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi) au mahakama bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia mwajiri. Kampuni nyingi huichukulia barua fupi kama ujanja wa kujiachia nafasi. Kwenye shauri inageuka kuwa deni, na hapa iligeuka hivyo kwenye suala la nauli ya kumrudisha alikoajiriwa.

Stoo ilikuwa na kufuli moja na funguo mbili: moja ya mtunza stoo, nyingine ya msimamizi wa zamu. Utaratibu wa tawi ulikuwa kwamba ufunguo hautoki mkononi mwa mtu bila pande zote mbili kusaini daftari la funguo. Mtunza stoo aliufahamu, kwa maana alikuwa amesaini karatasi ya mafunzo yenye utaratibu huo. Jambo hili tulishike, kwa sababu kosa lake la kweli liko hapo.

Mtiririko wa matukio

*Siku ya 1.* Hesabu ya stoo ya kufunga mwezi ilionyesha upungufu wa mifuko 46. Kwa bei ya kuuzia, shilingi 30,000 kwa mfuko, ni 1,380,000. Kwa bei ya kununulia, 24,000 kwa mfuko, ni 1,104,000. Hesabu ilifanywa na meneja wa tawi na msimamizi wa zamu. Mtunza stoo alikuwepo asubuhi tu. Mchana alitumwa benki, na safu za nyuma zikahesabiwa bila yeye.

*Siku ya 2.* Meneja alimwita ofisini. Mtunza stoo alieleza mambo mawili: kwamba Jumamosi mbili za mwezi huo mzigo ulitoka akiwa hayupo, na kwamba Jumamosi mojawapo alimwachia msaidizi wake ufunguo bila kusaini daftari kwa sababu alikuwa anawahi msiba. Meneja akataja polisi, kisha akamsogezea karatasi: "Dada, saini hapa, yaishe." Karatasi ilisema anakubali kukatwa 276,000 kila mwezi kwa miezi 5, jumla 1,380,000, na kwamba "baada ya malipo hayo suala hili litakuwa limefungwa." Akasaini. Kabla ya kuirudisha aliipiga picha kwa simu.

*Siku ya 12.* Mshahara wa mwezi ulitoka ukiwa umekatwa 276,000, zaidi ya nusu.

*Siku ya 15.* Mkaguzi kutoka makao makuu alifika, akasoma taarifa ya upungufu, akasema mtu wa namna hiyo hawezi kubaki stoo. Mtunza stoo akapewa barua ya kusimamishwa kazi bila malipo kupisha uchunguzi. (Watu huchanganya maneno haya: kusimamishwa ni kuwekwa pembeni huku ajira ikiendelea, kuachishwa ni ajira kukoma.)

*Siku ya 19, saa 10 jioni.* Alipelekewa barua ya tuhuma nyumbani. Ilikuwa ya Kiingereza. Iliorodhesha "upotevu wa mali ya kampuni" na "ukosefu wa uaminifu", bila kutaja tarehe wala tendo lolote. Kikao kilikuwa kesho yake saa 3 asubuhi.

*Siku ya 20.* Kikao cha nidhamu kilidumu dakika 25. Mwenyekiti alikuwa meneja yuleyule aliyehesabu stoo na kuandika karatasi ya makato. Mtunza stoo aliomba mwenzake wa kaunta aingie naye, akajibiwa kwamba ni kikao kifupi tu, hakuna haja. Karatasi ya hesabu haikuwekwa mezani. Msimamizi wa zamu, mwenye ufunguo wa pili, hakuitwa. Muhtasari wa kikao una mistari sita, na mmoja wao unasema: "Mtuhumiwa alikubali kosa na kusaini kukatwa."

*Siku ya 22.* Barua ya kuachishwa kazi, kuanzia siku hiyohiyo, sababu katika mstari mmoja. Haikutaja notisi, likizo wala haki ya kwenda Tume. Ilitaja tu kwamba anaweza kukata rufaa makao makuu ndani ya siku 5 za kazi.

*Siku ya 26.* Alikata rufaa kwa maandishi na kumsainisha karani wa tawi kwenye nakala yake. Jibu halikuja. Wiki tatu zilizofuata alipiga simu, akaambiwa asubiri, "bosi yuko safarini."

*Siku ya 47.* Jirani aliye kiongozi wa chama cha wafanyakazi sehemu nyingine alimuuliza swali moja: umeshajaza fomu ya Tume? Hakuwa amewahi kusikia habari ya fomu hiyo.

*Siku ya 50.* Alimkabidhi mwajiri nakala ya fomu CMA F1, ya kufungulia mgogoro, akasainiwa kuipokea, kisha akaiwasilisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Maamuzi ya mfanyakazi na sababu zake

Kusaini karatasi ya Siku ya 2 ulikuwa uamuzi wa hofu. Aliogopa kulala mahabusu, na alidhani akisaini atabaki kazini. Hilo linaeleweka, lakini kulikuwa na njia ya tatu aliyoweza kuifuata pale pale: kuandika juu ya saini yake "nimepokea, sikubaliani na kiasi" na tarehe. Sentensi hiyo ingeizuia kampuni kuiita karatasi hiyo ungamo.

Tishio la polisi lenyewe lilikuwa na upande wa pili ambao meneja hakuujua. Kifungu cha 37(5) kinamzuia mwajiri kumpa adhabu ya nidhamu au kumwachisha kazi mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni hilohilo, mpaka shauri la jinai liishe. Kampuni ingemfikisha mahakamani, ingejifunga mikono kwa muda usiojulikana.

Uamuzi wa kusubiri rufaa ndio uliokaribia kumwangusha. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali, na siku 60 kwa migogoro mingine. Siku 30 huhesabiwa kuanzia tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uachishaji. Kwa hiyo mtu mwenye rufaa ya ndani ana hoja ya kusema muda wake haujaanza. Hoja ya kubishania si sehemu ya kuwekea haki yako yote, hasa rufaa isipojibiwa kabisa. Ukihesabu kuanzia barua ya Siku ya 22, mwisho ulikuwa Siku ya 52. Alibakiwa na siku mbili.

Angechelewa, mlango usingefungwa kabisa: kuna maombi ya kuongezewa muda, yenye fomu yake na kiapo cha kueleza sababu ya msingi ya kuchelewa. "Nilikuwa nasubiri bosi arudi safarini" ni sababu dhaifu. Na hata maombi yakikubaliwa, miezi inakwenda kwenye suala la muda kabla mtu hajasikilizwa juu ya kazi yake.

Fomu nayo ilikuwa na mtego. Rasimu yake ya kwanza ilijaza sehemu ya madai ya fedha tu: makato, mshahara wa siku za kusimamishwa, likizo. Sehemu B, inayohusu migogoro ya kuachishwa kazi, ilikuwa tupu. Jirani aliiona na kumrudisha. Madai ambayo hayamo kwenye F1 ni vigumu sana kuyaingiza baadaye, maana mhusika hufungwa na alichokiandika. Kwenye Sehemu B aliandika kwa ufupi upungufu wa sababu (upotevu haujahusishwa na tendo lake) na upungufu wa utaratibu (muda, lugha, mwenyekiti, kunyimwa msaidizi). Kwenye nafuu anazoomba aliandika fidia, notisi, likizo, kiinua mgongo, makato yarudishwe, mshahara wa siku za kusimamishwa, nauli na mizigo ya kurudi alikoajiriwa, na cheti cha utumishi. Hakuomba kurudishwa kazini. Alisema hawezi kurudi chini ya meneja yule, na hilo ni jambo la mtu kuliamua kabla ya kikao cha kwanza, si katikati ya mazungumzo.

Maamuzi ya mwajiri na sababu zake

Haikuwa kampuni ya watu wabaya. Meneja aliona upungufu wa zaidi ya milioni moja na alitakiwa atoe jibu kabla ya mwezi kufungwa. Makato yalimpa jibu la haraka. Mkaguzi alitaka nidhamu ionekane. Kila mmoja alifanya uamuzi ulio na mantiki kwa upande wake, na hakuna aliyeshika faili zima. Ndiyo maana kampuni ilijikuta na karatasi inayosema suala limefungwa na barua inayomwachisha mtu kazi kwa suala hilohilo, zikiwa zimepishana siku 20.

Kuhusu makato, kifungu cha 28 hakimkatazi mwajiri kufidia hasara kutoka kwenye mshahara. Kinamwekea masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mfanyakazi aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna deni lilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kutosha ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Weka masharti hayo kwenye karatasi ya Siku ya 2. Kosa halikuthibitishwa. Ukokotoaji haukuandikwa. Nafasi ya kupinga ilikuwa ni muda wa kushika kalamu. Kiasi kilikokotolewa kwa bei ya kuuzia, ilhali kampuni ilikuwa imepoteza mali iliyoinunua kwa 24,000 kwa mfuko. Tofauti ya 276,000 ni faida ambayo haikuwa imepatikana bado. Robo ya 520,000 ni 130,000, na alikatwa 276,000. Kama kila kitu kingine kingekuwa sawa, deni la 1,104,000 lingelipwa kwa miezi 9: miezi 8 ya 130,000 na wa mwisho 64,000.

Je, saini yake haitoshi? Hili ndilo swali wanalouliza maofisa utumishi kila mara. Makato mengine, kama mkopo wa saccos, yanasimama kwa ridhaa ya maandishi. Fidia ya hasara ina masharti yake ya ziada, na ridhaa iliyopatikana kwa kutajiwa polisi haiyafuti.

Usuluhishi na matokeo

Kikao cha kwanza kilikuwa Siku ya 64, cha pili Siku ya 78, ndani ya siku 30 ambazo sheria inaupa usuluhishi. Msuluhishi hatoi hukumu. Anawasaidia wenye shauri wapatane, na wasipopatana mgogoro unakwenda kwa mwamuzi. Kampuni ilikuja na ofisa utumishi wa makao makuu ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, aliliona faili kwa mara ya kwanza jioni ya jana yake. Alikuwa mtu mwepesi wa hesabu, na hilo lilisaidia.

Hesabu iliyowekwa mezani ilijengwa juu ya ujira wa siku: 520,000 gawa kwa siku 26 za kazi, sawa na 20,000.

- Mshahara wa kusimamishwa, Siku ya 15 hadi ya 22, siku 7 za kazi: 140,000
- Notisi: 520,000
- Likizo ya miezi 7 isiyochukuliwa, ujira wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi, siku 182 zinazaa siku 14: 280,000
- Kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, miaka 4: 560,000
- Makato yaliyochukuliwa: 276,000
- Nauli na mizigo hadi alikoajiriwa: 350,000

Jumla ni 2,126,000. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na ofisa alitaka kulipa siku 24 za kazi, yaani 480,000. Kwa kuwa mazoea ni kulipa mwezi mzima, aliachia hiyo 40,000 bila ugomvi. Kwenye kiinua mgongo alibisha zaidi, kwani kifungu cha 42 hakimpi kiinua mgongo aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Hoja ni nzuri, ila inasimama uachishaji ukiwa halali, na hapo ndipo faili lilipokuwa limechanika. Miezi 7 iliyobaki baada ya mwaka wa nne haikuhesabiwa kwenye kiinua mgongo. Ni miaka iliyokamilika tu, na kikomo ni miaka 10.

Nauli ilizua mabishano marefu. Kampuni ilidai aliajiriwa tawini. Barua ya ajira ilikuwa kimya, lakini ilikuwa na muhuri wa makao makuu, na hakukuwa na barua ya uhamisho. Mzigo wa kuthibitisha ukiwa kwa mwajiri, ofisa alikubali.

Pembeni ya hayo kulikuwa na fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali. Wakati huo kifungu cha 40 kiliweka kima cha chini cha miezi 12, yaani 6,240,000. Kampuni ilianza kwa kutaka 1,104,000 ya mifuko itolewe kwenye stahiki na fidia iwe sifuri. Waliishia kwenye miezi 5, yaani 2,600,000, hasara ya mifuko ikaachwa, na jumla ikawa 4,726,000 kwa awamu mbili. Cheti cha utumishi kilikubaliwa kitolewe bila neno juu ya wizi.

Kwa nini akubali 5 wakati sheria ilisema 12? Alikuwa na udhaifu, naye aliujua. Mbele ya mwamuzi angeulizwa juu ya daftari la funguo, na jibu lake lingekuwa ndiyo, nilivunja utaratibu. Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali kwamba pale sababu ilipokuwepo na kasoro ikawa ya utaratibu peke yake, fidia inaweza kushuka chini ya miezi 12. Mwamuzi angeweza kuliona shauri hivyo. Halafu aliyeshindwa ana wiki 6 za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na mtunza stoo alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Mtu mwenye akiba ya mwaka mmoja angeweza kuendelea, na pengine angefanya vyema.

Awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati. Ya pili ilichelewa siku 9, ikatoka baada ya kuandika kwamba anayapeleka makubaliano mahakamani yatekelezwe.

Dosari moja iligundulika baadaye. Alipoomba taarifa ya michango yake NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii), miezi 3 haikuwepo, ingawa kwenye hati za mshahara 52,000 zilikuwa zimekatwa kila mwezi. Makubaliano yalikuwa na sentensi "pande zote hazina madai mengine." Sentensi hiyo haiusamehi mchango, kwa kuwa mchango ni deni la kisheria la mwajiri kwa Mfuko, na alilipeleka suala ofisi ya NSSF. Hata hivyo taarifa hiyo ilipaswa kuwa mkononi kabla ya Siku ya 64. Kuiomba hakuchukui muda mrefu.

Uchambuzi: tuhuma iliyokosewa

Kosa la kampuni lililoigharimu kuliko makosa mengine yote ni kuchagua tuhuma isiyothibitika na kuiacha inayothibitika. Upungufu wa mifuko unathibitisha kwamba mifuko haipo. Hausemi nani aliichukua. Kulikuwa na funguo mbili, Jumamosi mbili zenye hati za kutolea mzigo zisizo na saini ya mtunza stoo, na hesabu iliyofanywa nusu yake bila mwenye stoo kuwepo. Ukosefu wa uaminifu hauwezi kujengwa juu ya hayo, hata kwa kipimo cha uwezekano mkubwa kinachotumika kwenye nidhamu kazini, ambacho ni chepesi kuliko cha jinai.

Tuhuma iliyokuwepo ilikuwa hii: "Jumamosi ya tarehe fulani ulimkabidhi msaidizi ufunguo wa stoo bila kusaini daftari, kinyume na utaratibu uliousaini tarehe fulani." Ina tendo, tarehe, kanuni na uthibitisho kwamba kanuni ilijulikana. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinauliza mambo hayohayo: je, kanuni ilikuwepo, ni ya haki na iliyo wazi, inatumika kwa wote bila ubaguzi, mfanyakazi aliifahamu, na je, kuachishwa ndiyo adhabu inayolingana? Kwenye swali la mwisho, mtu wa miaka 4 na miezi 7 bila onyo lolote angestahili onyo la mwisho la maandishi. Mkaguzi asingefurahi, lakini kampuni ingekuwa na rekodi safi ya kutegemea tukio likijirudia.

Swali la matumizi sawa lingeleta tabu pia. Picha za daftari la funguo alizokuwa nazo mtunza stoo zilionyesha msimamizi wa zamu naye aliacha nafasi za saini wazi mara tatu mwezi huohuo. Hakuna aliyemuuliza.

Uchambuzi: utaratibu

Kanuni ya 13 ya Tangazo Na. 42 haitaki mahakama ndogo ndani ya kampuni. Inataka uchunguzi kwanza. Kisha tuhuma kwa namna na lugha anayoielewa mfanyakazi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48 (hapa zilikuwa 17, nyingi za usiku), na haki ya kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti awe ofisa wa ngazi ya kutosha asiyehusika na tukio. Ushahidi uwekwe mezani, mfanyakazi ajibu, aulize mashahidi na alete wake. Akikutwa na hatia apewe nafasi ya kujieleza juu ya adhabu kabla haijaamuliwa, kisha apewe uamuzi wenye sababu na akumbushwe haki ya kwenda Tume.

Kusimamishwa kupisha uchunguzi kunaruhusiwa, kwa mshahara kamili. Watu wa uhasibu hudhani kusimamisha bila malipo kunaokoa fedha. Hapa kuliokoa 140,000 ambazo zililipwa baadaye, na kuliongeza mstari mmoja kwenye orodha ya kasoro.

Kwa faili kama hili, ratiba inayofanya kazi haina maajabu. Siku ya 1 na ya 2, hesabu irudiwe mwenye stoo akiwepo, kila karatasi isainiwe na wote waliohesabu. Siku ya 3 hadi ya 6, maelezo ya maandishi ya wote wenye funguo, pamoja na nakala za daftari na hati za kutolea mzigo. Siku ya 8, barua ya tuhuma kwa Kiswahili, ikiambatana na nakala hizo. Siku ya 11, kikao chini ya meneja wa tawi jingine, kwa usafiri wa siku moja. Siku ya 13, uamuzi. Suala la kufidia hasara liende kwa barua yake yenyewe, baada ya kosa kuthibitishwa, na lisiandikwe popote kwamba kulipa kunafunga nidhamu. Ratiba hii ni fupi kuliko ile ya siku 22 waliyoitumia.

Uchambuzi: kilichomsaidia mfanyakazi

Ushahidi uliombeba ulikuwa simu yenye picha nne: karatasi ya makato, kurasa mbili za daftari la funguo, na barua ya tuhuma ikiwa na saa aliyoipokea, iliyoandikwa kwa mkono wa mpelekaji. Kampuni ilipodai kwenye kikao cha kwanza kwamba barua ya tuhuma ilitolewa siku tatu kabla, mazungumzo hayo yaliisha kwa dakika moja. Kurasa za daftari alizipiga picha wakati bado ana haki ya kuziona kazini. Baada ya kusimamishwa, kuingia stoo kupiga picha kungeweza kuwa kosa jipya.

Nakala ya rufaa iliyosainiwa na karani nayo ilikuwa na kazi: ilionyesha kwamba alitumia njia ya ndani na mwajiri ndiye aliyenyamaza. Maombi yake ya mdomo hayakuacha alama yoyote. Ombi la kuingia na mwenzake kwenye kikao halimo kwenye muhtasari, na lingebaki neno lake dhidi ya la meneja kama yule wa kaunta asingekubali kusema alisimama mlangoni akarudishwa. Angeliandika ombi hilo mstari mmoja juu ya barua ya tuhuma kabla ya kuingia, asingemhitaji mtu wa kaunta, ambaye bado ni mwajiriwa pale na aliyatoa maelezo hayo akijua hivyo.